Paka Wangu Kila Picha Mkia Tu: Maswali Yenu Kuhusu Kupiga Picha Wanyama Wanaotembea

Habari zenu wasomaji wa kusini na kwengineko. Meseji za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja, mnyama anatembea afu picha inacheza. Mimi napiga picha kama burudani tu, sio kazi, hapahapa Mtwara, na mwalimu wangu mkubwa ni mbwa wetu wa nyumbani anaitwa Chui ambae tangu azaliwe sijawahi kumuona amekaa dakika tano mfululizo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyafanya kwa mikono yangu. Twende.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina paka mdogo wa miezi minne, anacheza kuanzia alfajiri mpaka watu wanalala, kila nikimpiga picha nikija kucheki naona mkia tu au kitu cha rangi ya chungwa kinapita. Simu yangu sio mbaya, ina kamera tatu nyuma. Nakosea wapi? (Mama Popo, Ligula)

JIBU: Salama mama Popo, na pole. Kwanza kabla ya yote futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini kisafi. Sisi tunaishi na chumvi ya bahari hewani, simu inashikwa na mikono iliyotoka kukaanga samaki, kioo kikiwa na mafuta picha inakuwa na ukungu hata paka angekuwa amelala usingizi wa pono.

Sasa tatizo lenyewe. Ndani ya nyumba kuna giza kuliko macho yako yanavyokwambia, na simu ikikuta giza inachofanya ni kuacha mlango wa mwanga, ndo tunaita shata, wazi kwa muda mrefu kidogo ili ipate mwanga wa kutosha. Katika huo muda paka wako Popo ameshahama. Simu nyingi za sasa zina na modi ya usiku ambayo inapiga picha kadhaa na kuziunganisha ziwe moja, hiyo kwa ukuta au mti ni nzuri sana ila kwa paka anaeruka utapata paka mwenye vichwa viwili. Izime. Afu mhamishie Popo barazani au karibu na mlango uliofunguliwa, saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, umtupie kamba au kizibo cha soda achezee pale. Hiyo peke yake itabadilisha nusu ya picha zako.

Jambo lingine ni kwamba ukisubiri uone ameruka ndo ubonyeze umeshachelewa, mana kidole chako kinachelewa na simu nayo inachelewa kidogo. Muangalie paka wako kwanza siku mbili tatu bila kupiga picha. Paka kabla hajaruka anajikunyata chini, masikio yanaenda mbele, macho yanakuwa meusi makubwa, afu anatingisha makalio kushoto kulia. Ukiona makalio yanatingishika, hapohapo anza kubonyeza na ushikilie ili simu ipige mfululizo, kuna simu unashikilia tu kitufe, kuna nyengine unakivuta pembeni. Utapata picha ishirini, kumi na nane utafuta, mbili utazipenda.

Ikishindikana kabisa piga video halafu ukate fremu moja humo. Ila ujue video ya kawaida ya 1080 fremu yake ni kama megapikseli 2 tu, inatosha kwa stetasi, haitoshi kuichapa kubwa ukutani. Kama simu ina 4K tumia hiyo, fremu yake ni kama megapikseli 8, hapo unaweza kuchapa.

SWALI: Shikamoo. Nimepata Canon ya mtumba na ile lenzi yake ndogo ya 18-55. Nina mbwa jike, mwepesi sana, nampeleka ufukweni Shangani jioni akimbie. Nimejaribu wiki tatu. Akisimama picha kali, akikimbia zote zimecheza au mchanga wa nyuma ndo umetulia yeye hapana. Nimeanza kufikiri kamera ni mbovu. (Kijana wa Shangani)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kamera sio mbovu, akisimama si unapata picha kali? Basi. Hii barua yako nitaijibu kwa urefu mana ndo barua niliyokuwa naisubiri.

Tupige hesabu kidogo. Tufanye mbwa wako anakimbia mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, kwa mbwa mwepesi sio ajabu. Shata ikikaa wazi 1/60 ya sekunde, katika huo muda ameshasogea kama sentimita 17. Pua imepakwa mpaka shingoni. Ukiweka 1/1000 anasogea sentimita moja tu, ukiweka 1/2000 ni nusu sentimita. Umeona? Sio ufundi wa ajabu, ni hesabu ya darasa la tano. Modi ya kamera yenyewe ile ya kijani haijui kuwa mbele yako kuna mbwa anaekuja mbio, jioni mwanga ukipungua inashusha spidi tu na wewe huna habari.

Kwa hiyo kwenye hiyo Canon zungusha kidude cha juu kiende Tv (wenye Nikon ni S), weka 1/1000, ISO (kipimo cha kamera kuvuta mwanga) iache ijipange yenyewe. Picha ikija na chengachenga kidogo kwa sababu ISO imepanda usiumie. Chenga zinavumilika, picha iliyocheza haiponi. Afu fokasi, yaani pale kamera inapolenga pawe pakali, hapa ndo wengi wanakwama na ndo sababu mchanga wako wa nyuma unatulia. Kamera yako ikija dukani ipo kwenye fokasi ya kitu kilichosimama, ikishika inafunga hapo hapo, mbwa anasogea fokasi inabaki alipokuwa. Weka AI Servo (Nikon wanaita AF-C), hiyo inamfuata mnyama muda wote ukiwa umeshikilia kitufe nusu. Na uchague kale kadoti ka katikati peke yake, kwenye kamera za bei ya chini hako ndo kenye nguvu kuliko vyengine, ukaweke usoni kwake. Anza kumfuata akiwa bado mbali, usisubiri afike.

Shuka chini. Naomba hili ulichukulie kwa uzito. Watu wazima wanapiga mbwa wakiwa wamesimama, picha inaonyesha mgongo na mchanga. Lala kifudifudi, kamera iwe usawa wa macho yake, mtu mwengine amshikilie kule mita thelathini halafu wewe umwite jina. Atakuja moja kwa moja na uso wote, masikio yamerudi nyuma, ulimi nje, na nyuma yake bahari iko mbali imelainika. Siku ya kwanza nililala hivyo kuna kinababa wavuvi walisimama wakaniuliza kama naumwa, nikawaonyesha picha wakaita na wenzao waje kuona.

Halafu chagua maji. Mchanga mkavu mbwa anazama, anakimbia kwa shida na anatimua vumbi. Maji yakitoka unabaki mchanga mgumu wenye unyevu, anakimbia vizuri, amenyooka, na kivuli chake kinaonekana chini kama kwenye kioo. Ila pwani yetu siku za bamvua, yaani maji makubwa, maji huwa yanakupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali. Ukitaka maji yametoka na jua la saa kumi na moja jioni pamoja, angalia siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Hayatoki mbali sana ila kwa mbwa mmoja panatosha. Na saa sita mchana achana napo kabisa, hasa Februari na Oktoba ambapo huku kwetu jua linapita utosini, macho ya mbwa yanakuwa mashimo mawili meusi.

Ukishazoea hapo jaribu kinyume chake. Shusha mpaka 1/60, simama pembeni, mbwa apite mbele yako kushoto kwenda kulia, wewe mfuate kwa kuzungusha kiuno sio mikono, bonyeza katikati na uendelee kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Ukipatia, kichwa kinatulia na bahari ya nyuma inakuwa mistari. Itakushinda mara nyingi sana kabla ya kukubali. Mimi kwenye picha mia nilipata nne.

Kitu kimoja zaidi kuhusu miguu, kwa sababu najua utakuwa na mamia ya picha na hujui uchague ipi. Mwaka 1878 kule California mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kwa mstari, akatega nyuzi njiani, farasi akipita anakata uzi na kamera inapiga. Watu walikuwa wanabishana kama farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne inakuwa hewani. Picha zikaonyesha ipo, ila ni pale miguu inapokusanyika chini ya tumbo, wakati wachoraji miaka yote walikuwa wanamchora amejinyoosha mbele na nyuma. Mbwa mwenye mbio yeye anazo zote mbili, anaruka akiwa amejikunja na anaruka tena akiwa amejinyoosha. Ukichagua picha tafuta moja ya hizo mbili. Zile za katikati, mguu mmoja chini mitatu inaelea, mbwa anaonekana kama anachechemea.

Na tafadhali usibadilishe lenzi mchangani hata kama upepo umetulia. Niliwahi kufanya hivyo Msimbati, sekunde tano tu, chembe za mchanga zikaingia ndani, na fundi niliempelekea akaikwaruza zaidi. Ile kamera haikurudi kuwa sawa na mpaka leo inaniuma. Ukitoka baharini ifute na kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, chumvi isilale nayo.

SWALI: Mbwa wetu ni mweusi ti. Kwenye picha anakuwa kama shimo, huoni jicho wala mdomo. Nifanye nini? (Masasi)

JIBU: Kamera inapima mwanga wa picha nzima ikidhani kila kitu duniani kina weusi wa wastani. Mbwa mweusi akiwa mbele ya ukuta mweupe au anga, kamera inaona mwanga mwingi, inatia giza, mbwa anapotea. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, jumlisha moja au moja na nusu, ukuta utaungua, yaani utakuwa mweupe tupu, ila mbwa utamuona. Kwenye simu gusa uso wake kwenye skrini afu vuta kale kajua juu. Ila ukimsogelea mpaka weusi ukajaza picha nzima kamera inafanya kinyume, inamwagia mwanga, mbwa anakuwa wa kijivu, hapo sasa unatoa kidogo.

Mahali pa kumpiga ni muhimu kuliko vitufe. Mweke kwenye ukingo wa kivuli cha mkorosho, kwa ndani kidogo, akiangalia nje kwenye mwanga. Mkorosho una majani mazito yanayoshuka chini, kivuli chake kimetulia. Usimweke chini ya mnazi, kivuli cha mnazi ni michirizi, atakuwa kama punda milia. Akiangalia nje anga linaingia kwenye macho yake, yale madoa mawili meupe ndo yanamfanya mbwa mweusi awe hai. Na kwa mbio zake mtumie udongo mwekundu, huko juu mnao wa kutosha.

SWALI: Mimi nafuga njiwa hapa Lindi, kama arobaini hivi. Nataka picha wakiwa wanaruka kutoka bandani. Napata mabawa tu yamefutika. (Mfugaji wa Mtanda)

JIBU: Njiwa ni mgumu kuliko mbwa, bawa linakwenda haraka kuliko mwili wenyewe. Anzia 1/2000, ukishindwa kwa mwanga usishuke chini ya 1/1600. Usijaribu kufukuza njiwa mmoja na fokasi wakati wa kutoka, wanatoka kama maji. Weka fokasi mlangoni mwa banda wakiwa bado ndani, ifunge isihame, na mtu mwengine afungue. Bonyeza kabla mlango haujafunguka kabisa.

Ila mimi ningekushauri upige wakirudi na sio wakitoka. Ndege anatua akielekea upepo unakotoka, unampunguzia mwendo, kwa hiyo jioni simama upande huo wa upepo ukiangalia banda, watakuja uso kwa uso na wewe, taratibu, mabawa wameyafungua yote na mkia umetandazwa kama ukili. Wakati wa kusi utajua pa kusimama bila hata kufikiri, wewe mtu wa Lindi. Anga likiwa jeupe jumlisha moja kama nilivomwambia wa Masasi, la sivyo utapata vivuli vya njiwa.

SWALI: Nimeona picha za paka anaanguka na kujigeuza hewani mpaka anatua kwa miguu. Nataka kujaribu na paka wetu kwa kumuachia kutoka juu ya ukuta, nitumie spidi gani? (Mwanafunzi, Mikindani)

JIBU: Usifanye. Picha za namna hiyo zilipigwa zamani, mwaka 1894 Étienne-Jules Marey kule Ufaransa alipiga picha za mfululizo za paka aliyeachiwa miguu juu, na wanasayansi wa wakati ule wakashangaa paka anajigeuzaje wakati hana pa kujisukumia. Jibu likapatikana, mbele na nyuma ya mwili vinajizungusha kwa zamu. Limeshajulikana mwanangu, hatuna haja ya paka wako kulijibu tena. Paka anavunjika mguu, anavunjika taya, na hata asipovunjika hatakuamini tena, na mnyama asiyekuamini huwezi kumpiga picha nzuri maisha yako yote. Yeye mwenyewe anaruka kutoka ukutani kila siku kwa hiari yake. Jua saa yake na njia yake, kaa chini, weka 1/1000, msubiri. Ni hivyo hivyo kwa mbwa wa watu mitaani, usimchokoze ili akimbie upate picha. Hujui kama amechanjwa kichaa cha mbwa.

SWALI: Usiku je, flashi inafaa? (Chuno)

JIBU: Hapana. Nyuma ya jicho la mbwa na paka kuna utando unaorudisha mwanga ili aone gizani, flashi ikipiga unapata macho ya kijani yanawaka, na mnyama anashtuka. Subiri asubuhi.

SWALI: Mwandishi, mbwa wetu ana miaka 13. Alikuwa anakimbia na pikipiki ya baba mpaka barabara kubwa, sasa hivi anatembea tu tena kwa shida. Hatuna picha yake hata moja akiwa anakimbia, wakati ule hatukuwa na simu nzuri. Je kuna namna bado? (Binti, Naliendele)

JIBU: Dada, barua yako nimeisoma mara kadhaa. Mbio zake hutazipata tena na sitaki nikudanganye, wala usimlazimishe. Ila mwendo anao bado. Niambie, pikipiki ya baba ikisikika anafanya nini? Nina hakika anainua kichwa kwanza. Kisha masikio. Kisha anasimama kwa zamu, miguu ya mbele, halafu ya nyuma inajikaza, halafu anakwenda mpaka getini. Hicho ndo unachotakiwa kupiga, na hakuna mtu mwengine duniani anaekijua isipokuwa nyie wa nyumba hiyo.

Spidi ya 1/250 inamtosha, kwa hiyo hata simu ya kawaida itafanya kazi kukiwa na mwanga. Jua saa anayorudi baba. Kama ni saa kumi na moja una bahati, mwanga ni mzuri, kama anarudi usiku mwombe siku moja awahi. Kaa chini karibu na geti dakika kumi kabla, usimwite, usiongee, akuzoee pale. Ukisikia pikipiki kwa mbali usiangalie barabarani, muangalie yeye, anza na kichwa. Piga mfululizo mpaka amemfikia baba, mana mkia wa mbwa mzee ukichezacheza kwenye picha acha ucheze, uso ukitulia inatosha. Halafu chagua tatu au nne, kainuka, kafika nusu njia, kafika kwa baba, mzichape kwenye karatasi na nyuma muandike tarehe na jina lake. Simu zinapotea, zinaingia maji.

Ukizichapa nitumie nakala hapa gazetini, na uniambie anaitwa nani.